Nywele za Bi Alawiya

Wanaume walipiga makofi, wanawake wakanyamaza. Hapo ndipo Swabra alipojua kwamba macho yake hayakumdanganya.

Siku hiyo filamu ilikuwa imeletwa Likoni ionyeshwe bure kwa watu wa mtaa, kwa kuwa sehemu kubwa ilipigwa hapo hapo, Timbwani na Shika Adabu. Ukumbi ulijaa mara tu baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikaa kushoto, wanawake kulia, watoto wakajipanga chini mbele kabisa. Juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe ilisimamishwa tuzo yenyewe, sanamu ya shaba ya mkono ulioshika kitana. Ilitolewa ng'ambo, kwenye tamasha la filamu, kwa urembaji wa uso na nywele ulioshinda wote. Kando ya meza alikaa mwenye tuzo, Cheryl, mrembaji kutoka Nairobi, mwanamke mrefu aliyevaa suruali nyeupe na miwani ya jua ndani ya nyumba.

Filamu ilikuwa ya bibi kizee anayekataa kuhama nyumba inayotaka kubomolewa. Watu walikuwa wakiangalia huku wakitajana. Yule fulani. Lile duka la fulani. Hata Aqil, mdogo wake Swabra, alikuwamo. Alipita na toroli la samaki, akageuka, akatoa neno lake moja: "Papa mbichi! Wa leo, mama, si wa jana!" Ukumbi ukaangua kicheko. Aqil alikuwa amekaa mbele, nywele zake za mawimbi zikimeta mafuta, akasimama akawainamia watu kama mfalme.

Halafu ikafika ile sehemu iliyosifiwa sana. Aliyecheza bibi kizee alikuwa msichana mbichi, lakini Cheryl alikuwa amembandika makunyanzi ya gundi na kumpaka rangi mpaka hata mishipa ya mikono ilikuwa ya ajuza. Bibi anaona tingatinga mlangoni. Anaingia ndani, anavua buibui, anageuka. Misokoto miwili ya nywele ikaanguka mgongoni mpaka kiunoni. Juu ilikuwa nyeupe kama pamba. Chini ilikuwa nyekundu nzito, rangi ya damu ya mzee.

"Wallahi huo ndio uzee!" mwanamume mmoja akapaza sauti, na wenzake wakapiga makofi.

Upande wa wanawake hakukusikika hata kikohozi. Jirani aliyekaa kando ya Swabra akamshika goti.

"Swabra. Hizo si za mamako?"

Zilikuwa za mamake. Nywele za Bi Alawiya hazikupata kuonwa na mwanamume yeyote ila mumewe na wanawe. Lakini hapakuwa na mwanamke wa makamo Timbwani asiyezijua, maana Bi Alawiya ndiye aliyewasinga na kuwapamba siku za arusi zao, na huko ndani, mlango ukiisha kukomewa, alivua mtandio akafanya kazi kichwa wazi. Sasa wanawake wote hao walikuwa wakiziangalia ukutani, kubwa kama kamba za meli, mbele ya waume zao na wakwe zao.

Swabra aliangalia pale nyeupe ilipokutana na nyekundu. Mpaka ule aliuweka yeye kwa vidole vyake, siku ya hina ya mwisho, hina aliyoichanganya na karafuu na maji ya majani ya chai. Baada ya siku hiyo mama alianza kuumwa, hakutaka hina tena, na nyeupe ikaota juu yake. Fundi wa cherehani huujua mshono wake hata akiukuta kwenye mwili wa mtu asiyemjua.

Filamu ilipokwisha, mzee mmoja akauliza zile nywele zilitengenezwa kwa kitu gani, maana zilikuwa kama za kweli. Cheryl akavua miwani, akacheka.

"Ni za kweli, mzee. Ni za hapa hapa kwenu. Zilikuwa za bibi mmoja ambaye hazihitaji tena."

Watu wakacheka. Swabra akashika pindo la leso yake, akalifunga fundo, akalikaza kwa meno.

Alimfuata Cheryl pale mezani. "Hizo nywele uliipata wapi?" ilikuwa ikimtoka, akakosea hata maneno, akaanza upya. "Hizo nywele ulizipata wapi, dada?"

"Nilipewa, mama. Sikuiba."

"Nani aliyekupa?"

"Wigi liko Shanzu kwenye stoo yetu. Limeshakuwa mali ya filamu." Kisha akageuka, kwa sababu vijana walikuwa wakitaka kupiga picha naye na tuzo.

*

Ili mtu aelewe hasira ya Swabra, na amjue mamake.

Bi Alawiya alikuwa mwanamke wa sauti ndogo na mikono migumu. Alipokuwa msichana alivuka feri kwenda mjini siku za zanana, siku ambazo sinema ilifunguliwa wanawake peke yao, akaangalia filamu za Kihindi akalia mpaka leso nzima ikalowa. Aliporudi aliwasuka wenzake mitindo aliyoiona. Hivyo ndivyo alivyoanza kazi, na Swabra akaanzia magotini pake, akimshikia kitana na kibakuli cha mafuta ya nazi yaliyochemshwa na asumini. Baadaye Swabra akafungua saluni yake ya chumba kimoja nyuma ya soko la Likoni. Alisuka, alipaka hina na piko, alipamba maarusi. Wateja wake walimwita Mama Afrah, kwa jina la bintiye aliyeolewa Kisauni.

Mama alipopatikana na saratani, daktari alisema dawa zitaziangusha nywele zake. Bi Alawiya hakulia kwa ajili ya ugonjwa. Alilia kwa ajili ya nywele.

"Sitaki zianguke moja moja zikazagae ndiani, zikanyagwe na watu," alisema. "Zikate wewe, kwa mkono wako. Na usiziwate, usizitupe. Siku yangu ikifika, nizikwe nazo."

"Inshallah, mama."

"Si inshallah ya kunipumbaza. Niahidi."

Swabra akamwahidi. Akazisuka misokoto miwili, akazikata, akazifunga ndani ya leso, akazitia kwenye kopo la biskuti pamoja na kipande cha udi, akaliweka kopo chini ya kitanda cha mama.

Miezi ile ndiyo iliyokuwa ya filamu. Watu wa filamu walikuja saluni wakimtafuta msusi wa mtaa awasaidie, na Swabra, aliyekuwa hawezi kuondoka kitandani kwa mamake, akamtuma Mueni. Mueni alikuwa mwanamke wa Machakos aliyefanya kazi naye saluni tangu alipofika Mombasa. Asubuhi Mueni alipita kumsaidia kumwogesha mgonjwa, kisha akaenda kwenye filamu. Aqil naye akapata kazi ya kuwabeba watu wa filamu kwa tuktuk yake.

Mama akafariki asubuhi moja kabla ya jua kupanda. Waosha maiti walipofika, Swabra akainama chini ya kitanda akatoa kopo. Ndani mlikuwa na leso na udi. Nywele hazimo.

Walipekua nyumba nzima. Maiti haingoji. Baada ya sala ya adhuhuri Bi Alawiya akachukuliwa, na wanawake waliomwosha wakatazamana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameisikia ile ahadi. Hakuna aliyesema neno. Afadhali wangesema. Tangu siku hiyo Swabra hakuweza kumsomea mamake fatiha bila kuona lile kopo tupu.

Basi baada ya filamu alijua anachotaka, na vilikuwa vitu viwili. Nywele zirudi, ziende kwa mwenyewe. Na aliyezichukua aonje.

*

Kesho yake asubuhi alimngoja Mueni mlangoni.

"Ni wewe uliyekuwa ukiingia chumbani kwa mama."

"Nilikuwa namwogesha, Mama Afrah."

"Na ukitoka hapo ulikwenda kwa Cheryl."

"Si wewe ndiye ulinituma?"

"Nilikutuma ukasuke. Sikukutuma ukaibe nywele za mtu ambaye roho haijamtoka."

Wateja wawili walikuwa ndani, mmoja nusu kichwa kimesukwa. Mueni akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kitini.

"Sikuzichukua, na wigi hilo sikupata kuliona. Siku utakapojua ni nani, utanifuata. Na mimi sitakuja mbio."

"Nenda!"

Alasiri hiyo Swabra akaenda kwa Maalim Abdulhakim, mwenye chuo cha watoto karibu na msikiti. Alitaka isomwe badiri.

Watu wa pwani huijua badiri. Ni dua inayosomwa kwa kutaja majina ya mashujaa wa vita vya Badri, na mwizi aliyesomewa, kwa wanavyosema watu, hupata la kumpata: tumbo humvimba, au mguu, au akili humruka. Wako masheikh wanaoikataza. Lakini hata hao wanaoikataza hawataki kuwa karibu inaposomwa.

"Umefikiri?" Maalim akamwuliza.

"Nimefikiri, maalim."

"Badiri haina upendeleo. Itamtafuta aliyechukua, na aliyepokea, na aliyejua akanyamaza. Hata awe wa nyumba yako."

"Hata awe wa nyumba yangu."

Maalim akakuna ndevu. Akasema hasomi kabla ya kutoa onyo, kwa sababu huenda mtu akatubu. Ijumaa hiyo akatangaza baada ya sala kwamba nywele za marehemu Bi Alawiya zimechukuliwa, ziko kwenye filamu, na kwamba mwisho wa mwezi itasomwa badiri. Anayehusika arudishe, au aombe radhi kwa mwenye haki.

Habari ilivuka feri kabla ya magari.

Wa kwanza kufika saluni alikuwa fundi aliyeshona mabuibui ya filamu. Alisimama nje, hakutaka kuingia penye wanawake.

"Mama Afrah, mimi nilishona tu. Wigi sikulishika. Lilinigusa lenyewe begani nilipokuwa nikipima kola."

"Lilikugusa?"

"Kidogo! Hapa. Nisamehe duniani na akhera."

Akasamehewa. Nyuma yake akaja mpishi wa watu wa filamu, akaomba radhi ya nywele, halafu, kwa kuwa ameshafika, akaomba na radhi ya sukari aliyokuwa akipeleka kwake. "Hiyo si yangu," Swabra akamwambia, "mwombe mwenye sukari." Akaja mzee aliyelipwa kukaa barazani kwenye filamu acheze bao. Akaja mwanamke aliyemshikia mchezaji mwavuli. Wote waliopita mbele ya kamera ile, au nyuma yake, walikuja, wengine na watoto wao wagonjwa, wakidhani mafua yamekwisha kuwa ndiyo yenyewe. Swabra aliwapokea mmoja mmoja, akawaambia "nimekuwia radhi," na kila alipolisema neno hilo, moyo wake ulizidi kuwa mgumu kwa yule asiyekuja.

Aqil peke yake hakufika wiki hizo. Alituma salamu kwamba tuktuk imeharibika gia, yuko Mtongwe kwa fundi.

Wakati huo Cheryl alikuwa Shanzu akitengeneza filamu ya pili. Mara ya kwanza alimpigia Swabra simu akicheka.

"Mama, nasikia unaniroga."

"Sirogi, dada. Nadai changu."

"Sasa kwa nini watu wangu wamekataa kuja kazini?"

"Waulize. Wana midomo."

Dereva wa Kisauni alikuwa amerudisha funguo. Washonaji hawakuja. Wapishi wakasema hawapiki mahali palipo na wigi lile. Wacheza wa nyuma, wale wa kupita barabarani na kukaa mikahawani, hawakupatikana, si Likoni, si Kisauni, si Changamwe, na walioletwa kutoka bara wakaambiwa na wenzao siku hiyo hiyo wakapanda basi. Filamu isiyo na watu ni nini? Mwenye filamu akamwita Cheryl, akamwambia jambo hili ni lake, alimalize au afungashe.

*

Cheryl alikuja bila miwani, amebeba sanduku la mbao chini ya kwapa. Saluni ilikuwa imejaa, kwa kuwa ilikuwa karibu na arusi ya mtu. Akaingia moja kwa moja.

"Hapa kwetu huingiwa kwa hodi," mwanamke mmoja akasema.

Cheryl akarudi nyuma mpaka mlangoni. "Hodi."

"Karibu," Swabra akasema, akiendelea kusuka. "Mwacheni apite mshindi wa dunia."

Cheryl akalifungua sanduku. Wigi lilikuwa limevalishwa kichwa cha mbao, misokoto yake miwili imelazwa kama imelala. Wanawake wakajifunika midomo. Swabra alitamani kuinusa ile misokoto, lakini hakutaka Cheryl amwone akifanya hivyo.

"Nimezirudisha, mama. Sasa waambie watu wangu warudi. Aki nakuomba."

Swabra akasogea, akaligeuza wigi ndani nje. Akaona wavu mwembamba kama utando wa buibui, na katika kila tundu la wavu unywele mmoja umefungwa fundo.

"Hii ni nini?"

"Ndivyo wigi linavyotengenezwa. Unywele mmoja, fundo moja, kwa sindano yenye ndoano. Ilituchukua majuma mengi. Hiyo ndiyo kazi iliyopewa tuzo."

"Mamangu hakuzaliwa na wavu kichwani," Swabra akasema. "Nilizikata nywele, sikukata wavu. Nitamzikia mama plastiki?"

"Basi ukate wavu wote utupe…"

"Nikate nini? Nikikata nitapoteza nywele zilizofungwa. Wewe ulifunga, wewe fungua. Fundo moja moja, kwa mkono wako. Kigoda kile pale."

Cheryl akaangalia kigoda, akaangalia wigi. Alikuwa amelibeba ng'ambo na kulirudisha, amepigiwa makofi kwa ajili yake na watu wa kila rangi.

"Ukilifungua, halitakuwapo tena," akasema polepole.

"Ndiyo maana yake."

Akakaa.

Alikuja kila siku, akivuka feri asubuhi pamoja na wachuuzi, akikaa pale kigodani na sindano yake mpaka macho yakawa mekundu. Wateja walizidi. Wengine hawakuwa na nywele za kusuka, walikuja kutazama.

"Mrembaji, huo umeuruka."

"Uko wapi?"

"Kwa nyuma ya sikio. Au sikio hulihitaji tena?"

Wakacheka wakapigana mapaja. Vidole vya Cheryl vilivimba, akavifunga plasta, akaendelea. Siku moja machozi yalimdondoka juu ya wavu, akayafuta kwa bega asilowanishe nywele. Swabra aliyaona. Alijisikia utamu, utamu wa kweli kama wa tende, na hakuuonea haya. Alimpa Cheryl chai, lakini alimpa ya rangi, isiyo na tangawizi.

Walipokuwa wamebaki wawili peke yao, wateja wamekwenda kuswali, Cheryl akasema bila kuinua kichwa, "Mama, mimi niliuliza. Niliuliza kama mwenye nywele amekubali. Nikaambiwa amekubali, na kwamba ameshakufa."

"Alikuwa hajafa."

"Sikujua."

"Hukutaka kujua. Nani aliyekwambia?"

"Jina lake silijui. Kijana mmoja wa hapa alizileta usiku… hapana, ilikuwa jioni, tunafunga vitu. Nilitaka kumlipa, akakataa. Hakutaka hata shilingi. Alitaka sentensi moja."

"Sentensi ya nini?"

"Kwenye filamu. Alitaka aseme kitu, na uso wake uonekane, na nywele zake. Nikamwombea kwa mwongozaji. Akapewa ile ya samaki."

Kitana kikamtoka Swabra mkononi.

*Wa leo, mama, si wa jana.*

Watoto wa mtaa walikuwa wakiliimba neno hilo kila tuktuk ilipopita. Yeye mwenyewe alikuwa amelicheka. Alikuwa amesimama jikoni akikaanga mihogo, akamwiga mdogo wake, akacheka mpaka akashika ukuta. Akakumbuka tena wote waliokuja kumwomba radhi, fundi, mpishi, mzee wa bao, mwenye mwavuli. Mtu mmoja tu hakuja.

"Fungua," akamwambia Cheryl. "Usisimame. Fungua."

Siku Cheryl alipofungua fundo la mwisho, Swabra akazikusanya nywele juu ya leso, akazisuka upya misokoto miwili, nyeupe juu, nyekundu chini. Wavu mtupu akaurudisha ndani ya sanduku la mbao, akamkabidhi mwenyewe.

"Chukua. Huyu bibi wa Mombasa hakihitaji tena kitu chako."

Cheryl akaondoka. Watu wake walirudi kazini, wengine. Lakini alimaliza filamu ile kwa mawigi ya dukani, na watu wanasema uzee wake haukumdanganya mtu.

*

Kabla ya kumwita Aqil, Swabra alikwenda Changamwe alikohamia Mueni, akamkuta anafua.

"Nimejua," Swabra akasema.

"Ni nani?"

"Ndugu yangu."

Mueni akakamua nguo, akaianika. Akaanika na nyingine. Hakuwa na haraka.

"Nitarudi," akasema mwishowe. "Lakini kiti cha dirishani ni changu, na haya utayasema mbele ya wale wale wateja."

"Nitayasema."

"Na siku ya huyo ndugu yako nataka niwepo."

Aqil akaja saluni baada ya kuitwa mara tatu. Alikuja amevaa shati la maua, nywele zimechanwa nyuma, akinukia. Alipoona misokoto miwili juu ya leso, na Mueni amekaa dirishani, tabasamu likamkauka.

"Dada, shikamoo."

"Kaa."

"Dada, nikueleze. Mama mwenyewe alipenda sinema. Si unajua? Alikuwa akivuka kwenda zanana, alikuwa akituimbia nyimbo…"

"Alipenda kuangalia, Aqil. Hakupenda kuangaliwa. Kaa."

Akakaa kwenye kiti cha kusukia. Swabra akamfunga kitambaa shingoni, akachukua wembe mpya.

"Dada, hizi nywele… nimeitwa tena, kuna filamu nyingine, wananitaka na nywele zangu."

"Mama naye alizitaka zake."

Hakumpaka hata sabuni. Akaanzia paji la uso akarudi nyuma, na mawimbi yakaanguka begani, yakaanguka mapajani, yakaanguka chini. Aqil alikuwa akilia bila sauti, na hakuthubutu kusogeza kichwa kwa sababu ya wembe. Alipomaliza, kichwa kilikuwa cha rangi mbili, uso mweusi na utosi kijivu, kama chungu kilichosuguliwa upande mmoja. Mueni akainuka na fagio, akazifagia taratibu, akizipitisha mbele ya miguu ya Aqil, mpaka nje penye maganda ya maembe ya sokoni. Mbuzi akaja akanusa, akaenda zake.

"Sasa chukua za mama," Swabra akasema. "Mimi ni mwanamke, makaburini siendi. Utakwenda wewe. Maalim amesema kaburi halifukuliwi, zizikwe kichwani pake, kwenye udongo safi. Utachimba kwa mkono, bila jembe. Na ukimaliza utamwambia ni nani aliyezichelewesha."

Aqil akaenda. Swabra na Mueni walisimama nje ya ukuta wa makaburi. Kutoka pale waliuona upara wake ukiinama na kuinuka, ukimeta jua. Alichimba muda mrefu, maana ardhi ile ina mawe. Alipotoka kucha zake zilikuwa zinatoka damu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia." Akajipangusa udongo. "Dada, sasa ile badiri. Imefutwa?"

"Kitabu kiko kwa maalim."

"Umemwambia asisome?"

"Nimemwambia angoje."

Maalim Abdulhakim alikuwa ameshafunga shauri siku nyingi. Alimwambia Swabra kwamba nywele zimerudi, haki imefika, na yeye hamsomei badiri mtoto kwa kitu cha mamake. Swabra alimwomba jambo moja tu, asimwambie Aqil.

"Hiyo basi ndiyo badiri yenyewe," maalim akamwambia kwa huzuni. "Na wewe ndiwe unayeisoma."

"Basi na nisome, maalim."

Lile fundo alilolifunga ukumbini kwenye leso, Swabra hajalifungua mpaka leo. Saluni inaendelea. Mueni amekaa dirishani kwake. Nywele za Aqil zimeota, lakini hazioti na mawimbi kama zamani, au yeye mwenyewe anasema hivyo. Kila kipele, kila pancha, kila akikosa abiria, humleta mlangoni. Huja na samaki, mara na matunda, husimama nje kama yule fundi wa mabuibui, huku watoto wakimpigia kelele kutoka barabarani, "Wa leo, mama, si wa jana!"

Juzi alikuja asubuhi, hajanawa uso.

"Dada, nimeota jino linang'oka. Ndiyo yenyewe?"

Swabra alikuwa na pini mdomoni, kichwa cha bi arusi kiko magotini pake. Akazitoa pini moja moja.

"La juu au la chini?"

"La juu."

"Ahaa," Swabra akasema, akaendelea kusuka.